Wanauigiza utawala au wanaukejeli?

Swali: Ninaandika makala kuhusu Laibach, bendi ya Slovenia inayopanda jukwaani kwa mavazi ya kijeshi, ngoma za gwaride na sauti ya kutoa amri. Mimi niliandika "wanauigiza utawala". Mhariri akabadilisha kuwa "wanaukejeli utawala". Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe, na mhariri airudishe sentensi yako ilivyokuwa.

Anayekejeli huacha dalili ili msikilizaji ajue kwamba anabeza: sauti huvutwa, sifa hutiwa chumvi, jicho hukonyezwa. Laibach, walioanza mwaka 1980 katika mji wa wachimba makaa wa Trbovlje, wanazinyima hadhira dalili hizo. Hawacheki kabisa. Walipohojiwa kama ni mafashisti, walijibu kwamba ni mafashisti kwa kadiri ileile ambayo Hitler alikuwa mchoraji. Je, hapo wamekana au wamekiri? Ukiandika "wanaukejeli" unawajibia swali waliloliacha wazi kwa makusudi, na sanaa yao yote imesimama juu ya swali hilo.

Kuigiza ni kuvaa nafasi ya mwingine mbele ya watazamaji, bila kulazimika kusema unamwonaje huyo unayemwigiza. Mwigizaji wa mfalme anaweza kumpenda mfalme, kumchukia au kutomjali; kitenzi hakitoi siri. Ndiyo maana kinafaa hapa.

Kuiga nako kuna mahali pake katika makala yako. Mwaka 1987, Novi kolektivizem, kundi la wabunifu wa michoro katika jumuiya ya wasanii ya NSK, ambayo Laibach nao walikuwamo, lilipeleka bango kwenye shindano la Siku ya Vijana ya Yugoslavia, nchi ambayo Slovenia ilikuwa sehemu yake wakati huo; ni sikukuu ya 25 Mei iliyomuenzi Tito, aliyekuwa kiongozi wa nchi hiyo. Waamuzi wakalichagua. Baadaye ikagundulika kuwa lilitokana na mchoro wa mwaka 1936 wa Richard Klein, msanii wa enzi ya Wanazi: bendera ya Kinazi imegeuzwa kuwa ya Yugoslavia, tai amekuwa njiwa, kijana shupavu ni yuleyule. Kashfa ikalipuka. Hapa andika "waliuiga mchoro", kwa sababu hakuna aliyecheza nafasi ya mtu, na uzito wote uko kwenye kule kufanana. Dola iliyojivunia kuushinda Unazi iliiona picha ya Kinazi, ikaipenda. Sijui kejeli ya maneno ambayo ingefika hapo.

Kama unataka kutoa hukumu yako, itenge na kitendo chao: "wanauigiza utawala, na kwangu mimi hiyo ni dhihaka kali." Kitenzi kinabaki chao, hukumu inakuwa yako. Tashtiti ningeiepuka: wahakiki wengine huitumia kwa maana hii, lakini wengi waliosoma Tanzania wameifahamu kama swali ambalo muulizaji analijua jibu lake, na watakuelewa vibaya.