Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ndege za bei nafuu, someni dakika kwanza

Kila mwaka nakutana na vijana wametoka chuo, suti imenyooka, cheti cha huduma kwa wateja kipo mkononi, wanaingia kiwanja cha ndege wakidhani kazi ni kutabasamu na kusema karibu. Tabasamu ni muhimu sikatai, lakini nimefanya kaunta, geti na baadae rampu (pale ndege inapoegeshwa na kupakiwa mizigo) miaka mingi hapa Dar, na kitu ambacho sikufundishwa darasani nikaja kukielewa kwa maumivu ni kwamba kwenye shirika la bei nafuu mshahara wako unatoka kwenye dakika ambazo ndege iko chini. Zikiwa chache mnakula, zikiwa nyingi mnafunga biashara. Ndo nataka niwaelezee hilo taratibu, na mfano mzuri tunao hapahapa nyumbani, Fastjet, mana wengi wenu mlikuwa bado shule ya msingi wakati inaanza.

Tarehe 29 Novemba 2012 ndo ilipaa mara ya kwanza, Dar kwenda Mwanza na Dar kwenda Kilimanjaro, kwa Airbus A319 zenye viti 156 na ule mchoro wa kasuku. Haikuanza kutoka hewani, ilipita kwenye mgongo wa shirika lililokuwepo tayari, Fly540 Tanzania, ambalo lilikuwa chini ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza, na jina lenyewe lilikuja na mkono wa Stelios Haji-Ioannou, yule mwanzilishi wa easyJet ya Uingereza. Tiketi ya chini kabisa walitangaza 32,000 kabla ya kodi. Elfu thelathini na mbili jamani! Wakati ule kwa watu wengi ndege ilikuwa ya wabunge, wazungu wa mlima na watu wa migodini. Kampuni yenyewe ilikuwa inasema sehemu kubwa ya abiria wake ndo kwanza wanapanda ndege maishani, na ukikaa kaunta kipindi hicho hukuhitaji kuambiwa, ulikuwa unaona kwa macho, mtu kabeba kiroba cha mchele na ndoo ya samaki imefungwa kwa selotepu kama anaenda Ubungo.

Mwaka 2013 wakaongeza Mbeya, kiwanja cha Songwe kilikuwa ndo kwanza kina mwaka mmoja. Fikiria mtu wa Mbeya ambae amezoea kutoka Dar saa kumi na mbili alfajiri kwenye basi afike usiku miguu imevimba, leo anaambiwa ni saa moja na dakika kadhaa hivi. Mimi bado naona hicho ni kitu kikubwa kuliko hata hesabu zote nitakazowaambia huku chini, mtu anamuwahi mgonjwa, anawahi msiba, anazika na kesho yake yuko kazini. Msije mkawadharau abiria wa aina hiyo, ndo waliojenga hii biashara.

Sasa tuje kwenye dakika.

Haya mambo hayakuanzia huku. Southwest ya Marekani ilianza 1971 pale Texas kati ya Dallas, Houston na San Antonio, na mwaka 1972 hela ikawabana wakalazimika kuuza ndege moja kati ya nne. Badala ya kupunguza safari wakasema ratiba ya ndege nne tutaifanya kwa ndege tatu, na njia pekee ilikuwa kuhakikisha ndege ikitua inageuzwa, yani watu na mizigo washuke wapande wengine, ndani ya dakika 10 inaondoka. Wakaweza. Hapo ndo somo la bei nafuu lilipozaliwa, akina Ryanair na easyJet wakaja kulichukua huko Ulaya, aina moja ya ndege ili marubani na mafundi wasome kitu kimoja, viti vingi, hakuna chakula cha bure, na ndege isikae chini.

Chukua mfano huu wa karatasi tu. Ndege yako ina safari 8 kwa siku, maana yake katikati inageuzwa mara 7. Kila ikigeuzwa mkichelewa dakika 15, mwisho wa siku mmepoteza dakika 105, na Dar kwenda Kilimanjaro ni kama saa moja angani. Yani mmekula safari nzima na chenji. Na ndege ya kukodi haikuulizi umeruka mara ngapi, kodi yake ni ileile mwezi ukiisha, tena kwa dola. Kwahiyo ukimuona msimamizi wako anakufokea kwa dakika 4 usidhani ana roho mbaya, anaona kitu ambacho wewe bado hujakiona.

Na huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya wenzetu hawaliandiki sana, taa. Viwanja vingi vya mikoani kipindi hicho havikuwa na taa za njia ya kurukia, Songwe ikiwemo, kwahiyo jua likizama biashara imeisha. Mwenzako wa Ulaya ndege yake inaruka mpaka usiku wa manane, wewe siku yako ya kazi inakatwa na jua. Ndo mana mchelewo wa asubuhi huku unauma mara mbili, hauna usiku wa kuufidia.

Niwape kisa changu mwenyewe, na shirika sitolitaja. Ilikuwa safari ya mwisho ya siku kwenda kiwanja kimoja kisicho na taa. Nipo geti, nahesabu vipande vya bodingi pasi, manifesti, ile orodha ya abiria, inasema 97 mimi nina 96. Abiria mmoja alishacheki ini, begi lake liko kwenye tumbo la ndege, yeye haonekani. Nikatangaza, kimya. Nikatangaza tena. Nikamuonea huruma nikasema ngoja nimpe dakika tano, atakuwa chooni huyu, zikaisha nikampa nyingine tano. Kosa langu halikuwa huruma wadogo zangu, kosa ni kwamba hizo dakika kumi zote sikumpigia redio kiongozi wa wapakiaji kumwambia anza kutafuta begi lenye tegi (ile karatasi ya namba inayofungwa kwenye begi) namba fulani. Mana sheria inajulikana, abiria hayupo na begi lake haliondoki, ni usalama. Nilipokuja kusema, begi lilikuwa mwishoni kabisa limefunikwa na mengine, vijana wakaanza kutoa moja moja, jasho linawatoka, rubani ananiangalia kupitia kioo, mi naangalia saa. Lilikuja kupatikana, begi dogo la bluu lina kamba nyekundu kwenye mshikio mpaka leo naliona. Lakini rubani alishapiga hesabu ya kuzama kwa jua kule aendako na haikutosha. Safari ikafutwa. Watu 96 wakashuka, kuna mama alikuwa anaenda kumzika mdogo wake kesho yake asubuhi, hakupiga kelele hata kidogo, alikaa tu kwenye kiti akafunika uso na mtandio. Na abiria aliepotea alikuja kuonekana, alitoka nje kuagana na mtu.

Toka siku ile nina utaratibu wangu na nawaombeni muuchukue. Ukiona hesabu haijatimia na muda wa kufunga geti unakaribia, fanya vyote viwili kwa pamoja, tangaza jina NA mpe rampu namba ya tegi. Akitokea begi linabaki palepale hamna kilichoharibika. Asipotokea tayari mpo mbele. Alafu namba za tegi ziandikwe zikiwa zinasomeka, sio mwandiko wa daktari.

Kitu kingine kitakachowatesa ni abiria wa 32,000, hata kama siku hizi namba imebadilika. Atakuja kaunta na tangazo kalipiga picha, wewe kwenye kompyuta unaona laki na themanini, ataanza kuwaita wezi. Usimbishie na usinyong'onyee, elewa kwanza mwenyewe halafu muelezee. Viti vya bei ya chini vinauzwa vichache na vinauzwa mapema, kadri ndege inavyojaa na tarehe inavyosogea bei inapanda, halafu juu yake kuna tozo za kiwanja na VAT ambazo haziendi mfukoni mwa shirika. Mwambie hivi, mama, msiba hauna taarifa sawa, lakini harusi ya mwezi wa nane unaijua toka mwezi wa tatu, kata tiketi sasa hivi kwa M-Pesa au Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa. Fastjet walikubali malipo ya simu mapema kabisa na nadhani bila hilo wasingefika popote, mana watanzania wangapi wana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni? Begi la ziada hivyohivyo, mwambie alipie akiwa nyumbani ni rahisi kuliko kaunta, usisubiri afike na kilo 40 za mchele wa Kyela ndo umfundishe.

Haya, ilikuaje sasa mpaka ikafa? Hili lisomeni vizuri kwasababu wengi wanasema ilikufa kwasababu bei ilikuwa ndogo, na mimi sikubaliani.

Waliingia nchi nyingi kwa haraka. Ule ununuzi wa Fly540 kutoka Lonrho uliwaachia pia Ghana na Angola, huko walikuja kuachana nako 2014 baada ya hasara. Kutoka Dar wakafungua Johannesburg Oktoba 2013, mwaka uliofuata Lusaka, Harare na Entebbe, wakafungua na kampuni ya Zimbabwe 2015. Nairobi, ambayo mtoto mdogo anajua ndo njia yenye watu, walikuja kuipata Januari 2016 baada ya kusubiria vibali kwa muda mrefu mno. Huko Ulaya shirika la Ireland linaweza kufungua njia ya Uhispania kwenda Italia bila kuomba ruhusa kwa waziri, sisi kila mpaka una ofisi na kila ofisi ina tozo yake. Biashara ya bei nafuu inataka ndege iruke sana, sasa utaruka wapi kama jirani hajakufungulia?

Halafu dola. Tiketi inauzwa kwa shilingi, mafuta, kodi ya ndege na vipuri ni dola, na 2015 shilingi ilishuka vibaya. Hapo mtu wa kaunta huwezi kufanya lolote ila ni vizuri ujue.

Na ukubwa wa ndege. A319 yenye viti 156 ikiondoka na watu 70 unachoma mafuta kubeba viti. Mwaka 2016 Ed Winter aliekuwa bosi akaondoka, Stelios mwenyewe alikuwa analalamika hadharani kuhusu matumizi, akaja Nico Bezuidenhout kutoka Mango, shirika la bei nafuu la Afrika Kusini, akahamisha makao makuu kutoka Gatwick kuyapeleka Johannesburg na kubadili ndege wakaingia Embraer ndogo zaidi. Ilikuwa akili nzuri ila ilichelewa, na mwaka huohuo 2016 ATCL, yani Air Tanzania, ikafufuliwa na Bombardier Q400 mpya, ndege ndogo za panga, Precision Air nao walikuwepo na ATR zao toka zamani. Angalieni Jambojet ya Kenya, ilianza Aprili 2014 chini ya Kenya Airways, nao walianza na Boeing 737 wakaja kuhamia Q400, lakini wana mama anaewashika mkono na soko la Nairobi kwenda Mombasa na Kisumu, wapo mpaka leo.

Mwishoni mwa 2018 Fastjet kampuni mama iliyosajiliwa London ikauza hisa za Tanzania, Lawrence Masha, yule aliyewahi kuwa waziri, akachukua uongozi, haukupita muda Desemba hiyohiyo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ikatangaza kusudio la kufuta leseni, madeni kwa watoa huduma na uhaba wa ndege. Desemba! Msimu ambao kila mchaga anarudi Moshi. Waliokuwa na tiketi mkononi mnaweza kujua walivyohangaika, na wafanyakazi nao, vijana wa rika lenu, wakamaliza mwaka hawajui Januari itakuaje.

Ndo mana hili la mwisho nalisema kwa uzito. Shirika la bei nafuu linaweza kuwa shule nzuri kuliko zote kwasababu utafanya kila kitu, asubuhi kaunta, mchana geti, jioni unaandika karatasi ya uzito wa ndege, kitu ambacho kwenye shirika kubwa ungesubiri miaka mitano. Ila weka macho wazi. Ukiona muuza mafuta anataka alipwe kabla bomba halijafunguliwa, mshahara unasogea kutoka tarehe 25 kwenda 5 kwenda 12, ndege iliyokuwa ya akiba haionekani tena na ratiba yote inategemea moja, anza kujipanga bila kelele. Vyeti vyako, hasa kile cha mizigo hatarishi, omba nakala mapema ukae nayo nyumbani, mana ofisi ikifungwa makufuli hakuna wa kumuomba, na kile kinaisha baada ya miezi 24 kwahiyo andika tarehe mahali. Nimeona mtu mzuri wa kazi amekosa nafasi sehemu nyingine kwasababu tu hakuweza kuonyesha alishasomea.

Na wiki ya kwanza usiipoteze kwenye kaunta peke yake. Muombe msimamizi ukasimame rampu, ndege moja tu, vaa koti la kung'aa na vizuia masikio, shika saa. Andika ilipozima injini, mlango ulipofunguka, begi la kwanza lilipotoka, gari la mafuta lilipofika, wasafishaji walipomaliza, abiria wa kwanza alipopanda ngazi. Kisha rudi kaunta ukaangalie wewe ulifunga saa ngapi.