Jello Biafra hakugombea umeya kwa utani tu

Ndugu, umeuliza kama Jello Biafra, yule mwimbaji wa bendi ya punk ya Dead Kennedys, aligombea umeya wa San Francisco mwaka 1979 kwa kutafuta kiki. Mimi nasema hapana, ingawa naelewa kwa nini wengi wanaamini hivyo.

Kinachokumbukwa zaidi ni ile ahadi yake ya kuwalazimisha wafanyabiashara wavae nguo za wachekeshaji wa sarakasi mjini. Hiyo ndiyo magazeti yaliipenda. Lakini soma na mengine: alitaka askari polisi wapigiwe kura na wakazi wa mitaa wanayoilinda, na watu wasio na makazi waruhusiwe kuishi kwenye majengo matupu ambayo wamiliki wake hawalipi kodi. Alitaka pia magari yapigwe marufuku mjini. Na kumbuka hali ya mji wakati ule. Mwaka mmoja tu nyuma, Meya George Moscone na diwani Harvey Milk walipigwa risasi wakauawa ndani ya ukumbi wa jiji, na muuaji alikuwa diwani wa zamani aliyewahi kuwa polisi. Suala la polisi kuwajibika kwa wananchi lilikuwa la moto kabisa.

Biafra, kijana wa miaka 21, akapata kura zaidi ya 6,000. Dianne Feinstein, aliyeshika umeya baada ya Moscone kuuawa, alishinda katika duru ya pili mwezi Desemba.

Mwaka 2000 alirudi tena, safari hii akiwania kuteuliwa na chama cha Kijani kugombea urais wa Marekani.