Sauti inatetemeka kwenye usaili

SWALI: Jumatatu nina usaili wa mdomo. Nikikaa mbele ya jopo, koo hukauka na sauti hutetemeka. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hiyo ni adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na hofu, ndugu yetu, wala si udhaifu. Wengi huambiwa "vuta pumzi ndefu", wakazivuta harakaharaka hadi kizunguzungu na ganzi vidoleni, kwa kuwa kabonidayoksaidi imeshuka mno kwenye damu. Kazi iko kwenye kutoa pumzi. Ukiwa bado kwenye benchi, vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu hadi 6, kwa dakika 5. Mapigo ya moyo hupungua unapotoa. Kahawa asubuhi hiyo, achana nayo. Swali likikubana, piga funda la maji, rudia swali kwa maneno yako, ndipo ujibu.