"Sawa" ya Kwenye Simu: Kwa Mwajiriwa Mpya wa Timu Iliyotawanyika

Ndugu mwenzetu mpya, timu unayojiunga nayo ina watu wawili Kigoma mjini, mmoja Kasulu, mmoja Kibondo na wawili Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa ya mwaka tutaonana kwenye kioo cha simu tu. Kila baada ya miezi minne, hata hivyo, tunakutana Kigoma kwa siku tatu, nami nakusihi usikichukulie kikao hicho kuwa ni safari ya posho.

Thamani yake nilifunzwa na neno "sawa". Mwenzetu wa Kibondo alinijibu hivyo kila nilipotuma maelekezo ya fomu ya takwimu kwenye kikundi cha WhatsApp, nami nikadhani amekubali. Siku tulipokutana, tukiwa tunasubiri samaki wa migebuka pale Kibirizi, kando ya ziwa, alitaja kama jambo la kupita tu kwamba kwa muda wote huo alikuwa akiandika majibu ya wakulima kwenye daftari na kuyaingiza usiku, kwa sababu fomu iligoma kila mtandao ulipokatika. "Sawa" yake ilikuwa na maana ya "nimesikia, bosi", wala haikumaanisha kwamba kazi inawezekana. Sauti na uso huzitofautisha "sawa" hizo mbili papo hapo. Maandishi huzifanya kuwa moja. Fomu tuliirekebisha kesho yake asubuhi, tukiwa tumezunguka kompyuta moja.

Wapo wanaosema simu ya video imemaliza haja ya kusafiri. Katika miaka ya 1970, Thomas Allen wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha kwamba hata wahandisi wa ofisi moja huzidi kuwasiliana kwa nadra kadiri meza zao zinavyoachana. Sisi tumeachana kwa reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Video inamaliza ajenda vizuri, lakini haileti lile ambalo hakuna aliyeliweka kwenye ajenda. (Wenzetu wawili wa Dar es Salaam waliwahi kuja kwa treni wakiwa hawaelewani, na waliposhuka Kigoma ubishi wao ulikuwa umekwisha bila mimi kuombwa niamue.)

Kwa hiyo, ripoti zako zitume wiki moja kabla, kwa maana kusafiri kutoka Kibondo ili kusomewa karatasi ni kupoteza nauli. Wakati wa chakula, keti na yule ambaye ujumbe wake mfupi hukuudhi. Ikitokea mmoja ameshindwa kufika na anatufuata kwa simu, sote tufungue simu zetu kwa kipindi chake, asibaki akisikiliza vicheko asivyojua vimetoka wapi.

Njoo pia na orodha ya mambo uliyoyajibu "sawa" huku ukijua hayawezekani. Tutaanza na hayo, kabla ya ajenda.