Wimbo wa msamaha niliotunga nikiwa nimenuniana na kaka yangu

Nimefundisha kwaya ya usharika kwa miaka 12, na katika nyimbo zote nilizotunga, ninaoukumbuka zaidi ni wa msamaha. Niliumaliza kwa jioni mbili. Solfa, yaani noti za do-re-mi, ilikuja yenyewe, teno na besi zikapokezana vizuri kwenye kiitikio. Wakati huo mimi na kaka yangu tulikuwa na miezi mitano hatusemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba la marehemu baba.

Kwaya iliuimba bila kukosea noti hata moja. Baada ya mazoezi mama mmoja wa sauti ya pili, mtu wa maneno machache, akabaki nyuma akaniuliza: "Mwalimu, aliyesamehe humu ndani ni nani?"

Nikarudi kwenye daftari. Beti zote tatu zilisema sameheni, achilieni, patanani. Hakuna mstari uliokuwa na mtu aliyeumia. Nilikuwa nimewaandikia wenzangu amri ambayo mimi mwenyewe sikuwa tayari kuitii.

Luka 6:45 inasema kinywa cha mtu hunena yale yaujazayo moyo wake. Siku zote niliusoma mstari ule nikifikiria matusi na umbea. Usiku ule niliona kwamba na daftari la solfa limo.

Kwa hiyo wewe unayetunga, unayechora au unayeshona, nakuomba: kabla hujashika kalamu au mkasi, kaa kwanza na jambo lenyewe mbele za Mungu. Usisubiri kukamilika, maana hutaanza kamwe. Zaburi ya 51 ni ya mtu aliyekosa vibaya sana, na ya 88 inaishia gizani, lakini zote mbili tunazisoma ibadani. Kama una mashaka, andika sala ya mwenye mashaka. Usitutungie ushindi ambao hujauona.

Na usiige. Hili linaniuma, kwa sababu siku hizi nasikiliza kwaya tatu mfululizo nisijue ipi imeanza na ipi imemaliza: kinanda kilekile, mwendo uleule, hata kilio cha mwimbishaji kimeazimwa. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Kilimanjaro, alikuwa akisema kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ileile ambayo waumini huiona wakitoka mlangoni. Habari ni ya Injili ileile ya siku zote, ila macho yaliyoitazama ni ya Njau mwenyewe.

Vijana huniuliza kama kazi isiyotaja jina la Yesu inaweza kuwa ya Kikristo. Huwa nawapeleka Kutoka 31. Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alijazwa roho ya Mungu, na kazi aliyopewa ilikuwa ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Seremala anayeziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, kisha akaupaka rangi mteja asiuone, ameshatuambia anamwamini Mungu wa namna gani, hata kama mlango wa karakana yake una mstari wa Biblia. Na yule anayelainisha hata upande wa chini wa meza, usioonwa na mtu, naye ametuambia.

Kwa kaka nilikwenda Jumamosi moja asubuhi. Mambo ya mpaka hatukuyamaliza siku ile, lakini alinimiminia chai, tukakaa mpaka jua likawa kali. Niliporudi nilifuta beti mbili. Uliobaki nikauandika upya, ukaanza na mtu aliyesimama uani kwa ndugu yake, hajui kama atakaribishwa. Teno walilalamika kwamba wimbo umekuwa mfupi. Tunauimba polepole.