Fizi zinatoa damu: niache kupiga mswaki mpaka zipone?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38. Kwa miezi minne sasa fizi za meno ya mbele ya chini zinatoa damu kila nikipiga mswaki, kwa hiyo hapo nimeacha kabisa, nasukutua maji tu huku nikisubiri zipone. Naona pia kama meno yenyewe yamerefuka. Jirani yangu ananionya nisikubali kusafishwa meno na daktari, eti yatalegea. Mama alibaki kibogoyo kabla hajafika miaka 60. Mimi natamani kuzeeka na meno yangu, na yawe meupe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile lililonigusa zaidi katika swali lako: hapo ulipoacha kupiga mswaki ndipo panapouhitaji kuliko mahali pengine popote kinywani mwako. Rudi hapo usiku huu huu. Damu itatoka, usiogope. Itatoka kesho na keshokutwa pia, kisha utaona inapungua.

Fizi zenye afya hazitoi damu kwa kuguswa na mswaki laini. Zako zinatoa kwa sababu bakteria wamejenga utando kwenye mpaka wa jino na ufizi. Ni ule ukoga unaouhisi kwa ulimi unapoamka asubuhi. Mwili ukiona wavamizi wamepiga kambi hapo, unapeleka damu nyingi kupambana nao. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, na ngozi yake ya ndani inadhoofika kiasi kwamba ukiigusa tu inachuruzika. Sasa ukiogopa damu ukauacha ukoga mahali pake, unakilinda kile kile kinachokutoa damu.

Hili si dhana yangu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha matokeo ya jaribio la watu 12 wenye fizi nzima ambao waliacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Hawakumeza dawa yoyote. Kilichowaponya ni kuondoa ukoga.

Wewe hata hivyo una miezi minne, na unasema meno yamerefuka. Meno ya mtu mzima hayarefuki hivyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ufizi umeshuka na kuuacha mzizi wazi. Wakati mwingine ni kwa sababu ya kusugua kwa nguvu na mswaki mgumu. Wakati mwingine ugonjwa umeshapita kwenye ufizi na kuanza kula mfupa unaoshikilia jino, na mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Kuusimamisha ugonjwa hapo ulipofika kunawezekana kabisa, lakini kwa mswaki peke yake haitoshi. Ndiyo maana nataka upimwe.

Fanya jambo moja sasa hivi unaposoma. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini. Ukigusa kitu kigumu kinachokwaruza, kama ukuta mdogo uliojaza nafasi kati ya jino na jino, huo ni ugaga. Ukoga usiposafishwa hunyonya madini yaliyomo kwenye mate ukawa jiwe, na hapo nyuma hukusanyika upesi kwa sababu mifereji ya mate inafunguka chini ya ulimi, jirani kabisa. Mswaki hauwezi kuutoa ugaga hata usugue mpaka mkono ufe ganzi. Unakwanguliwa na daktari, kwa mashine au kwa vyombo vya mkono.

Jirani yako hasemi uongo. Kuna watu wameona meno yakicheza baada ya kusafishwa. Ila sababu anayoitaja siyo. Ugaga mwingi huyagandisha meno pamoja, mtu akadhani yamekaa imara, kumbe mfupa chini umeshaondoka. Ukikwanguliwa, ulegevu uliokuwapo unaonekana. Ukiachwa, mfupa unaendelea kuliwa kimyakimya mpaka jino ling'oke lenyewe. Nimeona wagonjwa wengi mno waliochelewa miaka kwa ajili ya hofu hii moja, na inanisikitisha kila mara, kwa sababu wengi wao tungewaokolea meno.

Tuje kwenye mkono wako. Tumia mswaki laini. Ushike kwa vidole kama unavyoshika kalamu, usiukamate kwa ngumi; ngumi ndiyo inayoleta nguvu zisizotakiwa. Ulaze kwa pembe ya nyuzi 45 ili ncha za brashi ziangalie pale jino linapoingia kwenye ufizi, kisha utikise taratibu, mwendo mfupi mfupi, meno mawili au matatu kwa wakati, halafu usogee. Nyuma ya meno ya mbele usimamishe mswaki wima utumie ncha yake. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, na usiku usikose kwa vyovyote, kwa sababu ukilala mate hupungua na kinywa hubaki bila mlinzi wake. Kati ya jino na jino mswaki haufiki: pitisha uzi wa meno, au vibrashi vidogo pale nafasi ilipopanuka, mara moja kwa siku.

Dawa ya meno iwe na floridi. Soma kwenye tyubu. Mtu mzima anahitaji sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Ukimaliza, tema povu na usisukutue maji. Najua wengi tumelelewa kusukutua mpaka ladha iishe, lakini kwa kufanya hivyo unaimwaga floridi kabla haijafanya kazi. Kwako ina umuhimu wa ziada, maana mzizi uliobaki wazi hauna lile gamba gumu linalofunika sehemu ya juu ya jino, hivyo huoza upesi. Kuhusu sukari, hesabu mara unazokula kuliko kiasi unachokula: kila ukionja kitamu, kinywa hukaa katika asidi kwa nusu saa au zaidi kabla mate hayajaituliza. Anayemung'unya peremende kutwa nzima hayapi meno yake nafasi ya kupumua.

Mama yako alibaki kibogoyo, na kweli zipo familia ambazo fizi zao huathirika kwa urahisi zaidi. Hiyo ni sababu ya wewe kuwahi. Haina maana kwamba umeshahukumiwa. Umri peke yake haung'oi jino. Daktari wako atakuuliza mengine: kama una kisukari, kwa kuwa kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi na fizi mbovu nazo hukifanya kisukari kigumu kudhibiti, kama una ujauzito, maana homoni huzifanya fizi zivimbe kirahisi, kama unavuta sigara. Mvutaji huwa na hatari ya pekee: sigara hubana mishipa ya damu, fizi hazitoi damu sana, naye hujiona mzima huku mfupa unaisha.

Weupe usubiri. Dawa za kung'arisha juu ya fizi zenye vidonda zitakuchoma, na mzizi ulio wazi utakufanya ushtuke kwa kila kitu baridi. Ugaga na madoa yakishaondolewa, wengi hujikuta wameridhika na rangi waliyonayo. Tena jino lenye afya si jeupe kama karatasi: sehemu yake ya ndani ina unjano, na kadiri gamba la juu linavyopungua kwa umri, unjano huo huzidi kuonekana. Kusugua mkaa au ndimu hulimaliza gamba hilo, na likiisha halioti tena. Fizi zikipona na bado ukataka kung'arisha, fanya chini ya uangalizi wa daktari, ukijua kwamba jino la bandia au lililozibwa halibadiliki rangi pamoja na mengine.

Nenda wiki hii, na kama kuna usaha au jino linacheza, nenda kesho. Mwambie daktari apime kina cha mifuko ya fizi, yaani ile nafasi iliyo kati ya jino na ufizi, kuzunguka kila jino, na umwombe asome namba kwa sauti. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida; 4 na kuendelea, hapo kuna kazi. Ziandike. Baada ya kukwanguliwa na miezi miwili au mitatu ya mswaki huo wa kalamu, rudi zipimwe tena, mkiwa na karatasi ile ile mkononi.