Hedhi yangu haiji tena mbalamwezi

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 27, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ni mvuvi, anakaa kambini kisiwani na hurudi nyumbani kipindi cha mbalamwezi. Nilikuwa natumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Ya mwisho nilichomwa Novemba. Machi niliona matone siku tatu. Tarehe 9 Aprili damu ikatoka siku sita, na leo 10 Juni sijaona kitu. Zamani siku zangu zilikuja mbalamwezi kila mara. Mama mkwe anasema ni chango, ananichemshia mizizi. Je, kizazi kimeharibika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Katika uliyoandika sioni dalili ya kizazi kuharibika. Sindano ile huzuia yai kupevuka, na dawa yake hutoka mwilini polepole hata miezi mitatu ikishapita. Wengine hukaa karibu mwaka mzima ndipo siku zao zitulie.

Lakini kabla hatujailaumu sindano, pima mimba. Yai linaweza kupevuka hata kama hedhi haijakaa sawa, na mumeo amekuwa akirudi. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinatosha, tumia mkojo wa asubuhi. Kikionyesha hakuna, rudia baada ya wiki. Mizizi iache kwanza, maana kama kuna mimba hatujui itaifanyia nini. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba mkunga amekataza mpaka upime. Anakuhangaikia, usimvunje moyo.

Kuhusu mbalamwezi: mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu, ila mwili haufungwi nao. Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima siku 21 hadi 35 ni kawaida, na kupishana siku chache si ugonjwa. Binti aliyevunja ungo karibuni anaweza kufika hata 45. Andika tarehe zako nyuma ya daftari lako la ndoo za dagaa, daktari ataanzia hapo.

Kama mimba haipo na 9 Julai ikafika hujaona, itakuwa miezi mitatu. Nenda kituo cha afya. Wanaweza kupima tezi ya shingo na homoni, pengine ultrasaundi. Waeleze kama uzito umebadilika sana, ndevu zinaota, au chuchu zinatoa maziwa.

Julai usiisubiri ikiwa damu inalowesha pedi nzima kila saa moja au mbili, au imepita siku saba. Na maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, pamoja na kizunguzungu, yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hapo usingoje kuche, nenda hospitali usiku huo huo.

Iko damu moja inayoniuma moyo zaidi, ile ya baada ya tendo la ndoa au katikati ya hedhi mbili. Niliwahi kumpokea mama mmoja mkulima wa mpunga kutoka Misungwi. Alikuwa ametibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, na mumewe alishamrudisha kwao akimtuhumu uzinzi. Kumbe ni kichocho. Minyoo ilimwingia kwenye majaruba, mayai yake yakachubua shingo ya kizazi. Mama yule hakuwa na kosa lolote, alikuwa analima chakula cha watoto wake. Kichocho cha aina hiyo kwetu hupatikana zaidi majarubani na malamboni kuliko ziwani kwenyewe. Ukiona damu ya namna hiyo, mwambie mhudumu ulikulia wapi na ulikuwa ukioga maji gani, kisha uombe upimwe na saratani ya shingo ya kizazi.

Kipimo cha mkojo kifanye kesho alfajiri, kabla hujateremka Mwaloni. Kisha niandikie kimeonyesha nini.